Kadi ya mapendekezo maktabani isiandikwe kama mwongozo wa mtihani

Ingia maktaba yoyote ya umma, iwe Mwanza au Mombasa, wiki chache kabla ya mitihani ya taifa. Viti vimejaa, na wengine wamekaa sakafuni. Lakini pita katikati ya meza utazame kilicho mbele yao: madaftari waliyokuja nayo, maswali ya mitihani iliyopita, simu inayochajiwa. Wanachoazima hapo ni kiti na utulivu. Nyuma ya migongo yao kuna rafu za riwaya na diwani ambazo hazijagongwa muhuri wa tarehe kwa miezi.

Kila hali hii inapojadiliwa, jibu la haraka ni kununua vitabu vipya. Vinahitajika, wala sibishi. Ila hata vile vilivyopo havitembei, na sehemu kubwa ya sababu haihitaji bajeti kuitatua: hakuna anayewaambia watu kilichomo rafuni kwa namna ya kuwatamanisha kukichukua.

Pale ambapo maktaba imejitahidi kutenga rafu ya mapendekezo, kadi iliyobandikwa husomeka hivi: "Riwaya hii inazungumzia umuhimu wa elimu, athari za ndoa za mapema na nafasi ya mwanamke katika jamii." Huenda kila neno ni kweli. Hata hivyo, kadi hiyo haimwambii mtu kama atacheka au atalia, kama hadithi inakwenda mbio au inajivuta, kama Kiswahili chake ni cha mtaani au cha kufungulia kamusi. Ni lugha ya dhamira, maudhui na mafunzo, lugha ambayo msomaji aliikariri kidato cha tatu na nne huku akisubiri maswali mwishoni. Akiiona tena, anajua amerudishwa darasani, naye anapita zake kwenda kwenye magazeti.

Mizizi ya tabia hii ni mirefu. Bodi ya maktaba ya Tanganyika iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ya Kenya mwaka 1965, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Zilikuwa nyenzo za kupambana na ujinga, na kazi hiyo zimeifanya kwa heshima kubwa. Lakini sauti ya mwalimu ilibaki ndani ya kuta. Hadi leo, maktaba inapomsifia mtu kitabu, inamwambia kitamfaa nini maishani, haimwambii atajisikiaje akiwa ndani yake.

Chukua Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Kadi ya kishule itasema inahusu ukoloni, ubaguzi wa rangi na ukombozi. Kadi inayofanya kazi ingesema hivi:

"Unguja, miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anatoroka na kukimbilia kwa Mwajuma, Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana anayewindwa na makachero wa serikali ya kikoloni. Mwendo ni wa kasi, mazungumzo ni mengi, Kiswahili ni cha Unguja na kinaeleweka bara bila shida. Ukipenda mapenzi ya kujificha yenye siasa ndani yake, anza hapa. Ukitaka hadithi tulivu ya kifamilia, kitabu hiki si chako. Kuna filamu yake pia."

Hayo ni maneno chini ya 75, yanatosha kwenye kadi ya sentimita 10 kwa 15 yakiandikwa kwa herufi za kusomeka ukiwa umesimama. Angalia yaliyomo: mahali na wakati, mtu wa kumfuata, tukio moja la mwanzo tu, mwendo, lugha, nani atafurahi na nani hatafurahi. Sentensi ya kumwambia mtu kitabu si chake ndiyo ambayo wakutubi wengi huiogopa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kadi inayosifia kila kitu haiaminiki. Inayomkataza mtu kitabu kimoja itaaminiwa inapompa kingine.

Wakutubi wa Marekani wamelifanyia kazi jambo hili kwa miaka mingi. Nancy Pearl wa Seattle huzungumzia milango minne ya kuingilia kitabu: hadithi, wahusika, mahali na lugha. Kila msomaji ana mlango anaoupenda, na vitabu viwili vya mada moja vinaweza kuwa na milango tofauti kabisa. Ndiyo maana kupendekeza kwa mada hushindwa mara nyingi. Aliyefurahia riwaya ya upelelezi kwa sababu ya matukio hatafurahia nyingine ya upelelezi ambayo utamu wake wote uko kwenye maneno. Mimi ningeongeza mlango wa tano kwa rafu zetu za Kiswahili, nao ni lahaja. Msomaji wa Nakuru aliyezoea Kiswahili sanifu cha vitabu teule akikutana na ushairi wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, bila kuonywa, atadhani tatizo ni yeye. Mstari mmoja kwenye kadi, "kuna faharasa ya maneno mwishoni" au "soma kwa sauti, utaelewa zaidi", unaweza kumbakisha.

Kosa jingine linalojirudia ni kupima ugumu kwa unene. Kijana anasema hana mazoea ya kusoma, anapewa kitabu chembamba kuliko vyote rafuni. Hapo ndipo hatari ilipo. Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) na Mzingile (1991) hazifiki kurasa 100 kila moja, nazo ni miongoni mwa riwaya ngumu kabisa zilizopata kuandikwa kwa Kiswahili: wakati hauendi mstari mmoja, wahusika hawana uhakika, na falsafa imebanwa ndani ya kila aya. Mpe anayeanza kusoma kwa starehe na hatarudi. Mpe mtu aliyechoka na hadithi za mwanzo-kati-mwisho, umwambie wazi kwamba asitafute kisa bali aifuate kama ndoto, na huenda ukawa umempa kitabu cha maisha yake. Vitabu ni vilevile, tofauti ni nani aliyepewa na aliambiwa nini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Upande wa pili kuna vitabu ambavyo mwanzo wake ni mzito kidogo lakini mwendo hushika baadaye. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960) huanza kwa mazungumzo ya taratibu ya Kiunguja, na msomaji wa leo aliyezoea mlipuko dakika ya kwanza anaweza kukitua chini mapema. Mwambie mapema: vumilia mpaka Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, aanze kuuliza maswali yake. Na mwambie habari njema kwamba Bwana Msa anarudi katika riwaya nyingine kadhaa, zikiwemo Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri. Msururu wa vitabu vyenye mhusika mmoja ni hazina kwa mkutubi, kwa sababu pendekezo moja lililokubalika linazaa mengine bila kazi mpya.

Kadi hata hivyo ni nusu ya huduma. Nusu nyingine hufanyika kaunta, kwa maswali matatu au manne. Mazungumzo yenyewe hayachukui dakika tano:

"Shikamoo mama. Naomba kitabu kizuri."

"Marahaba mwanangu. Cha mwisho kukimaliza bila kulazimishwa na mwalimu kilikuwa kipi?"

"Mmh, muda mrefu. Natazama tu filamu."

"Sawa. Filamu ipi ilikuzuia kulala?"

"Za upelelezi."

"Unapenda zaidi kupigana na kufukuzana, au kufumbua fumbo mpaka umjue mwenyewe aliyefanya?"

Swali hilo la mwisho ndilo linalotenganisha rafu. Akijibu kupigana, mpeleke kwa Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, ambako kuna silaha, hila na safari za nchi hadi nchi. Akijibu fumbo, ni Bwana Msa na kiko chake. Wote wawili wanaitwa upelelezi kwenye katalogi, na ukimpa mmoja badala ya mwingine umempoteza msomaji kwa jambo lililohitaji swali moja. Epuka kumuuliza "unapenda vitabu vya aina gani?" Asiyesoma hana jibu, anaona aibu, anasema "vyovyote tu". Muulize alichokifurahia, hata kama ni filamu, tamthilia ya redio au wimbo.

Mpe vitabu vitatu, si kimoja: kinachofanana na alichokitaja, kinachokaribiana nacho, na kimoja cha kumsogeza mbele kidogo. Kisha mpe ruhusa ya kuacha. Pearl ana kanuni ya kurasa 50: ukifika hapo na kitabu hakijakushika, kirudishe. Kwa waliovuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, zinazobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Mzee wa miaka 70 anadaiwa 30 tu. Kwa msomaji aliyelelewa kwenye vitabu vya lazima, kusikia mkutubi akisema "ukikichoka kirudishe, nitakupa kingine" kunaondoa mzigo mkubwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kupendekeza vitabu, filamu na muziki kwa pamoja. Maktaba zetu nyingi hupanga kwa mfumo wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, muziki uko 780 na kuendelea, filamu ziko 791.43, na wasifu wa watu mara nyingi huwekwa 920. Mpangilio huo ni mzuri kwa anayejua anachotafuta. Kwa asiyejua, unatenganisha vitu ambavyo maishani vilizaliwa pamoja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, ni mfano wa wazi. Sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert. Katika maktaba yenye bahati ya kuwa na vyote viwili, kitabu kiko upande mmoja wa jengo na muziki upande mwingine, na anayepita rafu kwa rafu hatagundua kamwe kwamba vinahusiana. Pendekezo ndicho chombo pekee kinachovirudisha mezani pamoja bila kuvuruga katalogi.

Mfano wa Mombasa ni mtamu zaidi. Mtu anayependa filamu za Kihindi, na pwani hawakosekani, akija kaunta huhitaji kumpeleka kwenye riwaya moja kwa moja. Mpe taarabu ya Juma Bhalo, aliyesifika kwa kuimba Kiswahili kwa mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Masikio yake yatatambua mahadhi kabla hajashika maneno. Akishapenda maneno, mwambie kwamba mengi yalitungwa na mshairi Ahmad Nassir, nduguye, na kwamba diwani yake Malenga wa Mvita ya mwaka 1971 iko 896.392. Kwa hatua mbili umemtoa kwenye skrini ya Bombay ukamfikisha kwenye mashairi ya Kimvita, na kila hatua ilisimama juu ya kitu alichokuwa anakipenda tayari. Hakuna programu ya kompyuta inayopendekeza kwa kutazama "wengine pia waliazima" itakayouona mnyororo huo katika maktaba ambayo rekodi za kuazima ni chache. Anauona mtu anayejua muziki, ushairi na jirani zake.

Kadi za muziki zina maradhi yake. "Muziki mtamu wa asili" ni sentensi isiyosema kitu. Msikilizaji anahitaji kujua aanze na wimbo wa ngapi, wimbo una urefu gani, ala gani zinatawala, na sauti ya rekodi yenyewe ikoje. Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba takriban dakika tatu tu kila upande, kwa hiyo nyimbo za zama za Siti ni fupi, zimebanwa, na kuna mkwaruzo wa santuri juu ya udi na fidla. Asiyeambiwa atadhani diski ni mbovu. Taarabu ya kisasa kwa upande mwingine hupita dakika 10 bila wasiwasi, na anayeikatiza dakika ya tatu hajafika popote. Muziki wa dansi wa miaka ya 1970 nao unahitaji onyo la namna yake: ubeti huanza taratibu na utamu wa magitaa uko kwenye sebene, sehemu ya mwisho. Nyingi ya nyimbo hizo zilipotolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 zilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili. Ukikuta mkusanyiko una "sehemu ya 1" peke yake, andika hivyo kwenye kadi.

Andika pia mwaka wa kurekodiwa, usiandike mwaka wa diski tu. Mkusanyiko uliotolewa baada ya 2000 unaweza kuwa na sauti za miaka ya 1960, na anayetafuta muziki wa enzi za uhuru ataukosa akisoma tarehe ya jaladani.

Kuna machapisho yaliyotengenezwa yakiwa pamoja tangu mwanzo. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 kisanduku kuhusu historia ya benga, muziki wa magitaa wa Kenya, chenye CD, DVD na kitabu. Kwa maktaba hiki ni kitu cha kupendekezwa kwanza kabisa, na pia ni mtihani wa utaratibu, maana kisanduku kama hicho kikifika mapokezi ni rahisi kitabu kikapewa namba na kwenda rafuni, CD ikaingia droo ya kaunta, DVD ikabaki mezani kwa mtu. Visajiliwe kama kitu kimoja chenye sehemu tatu, idadi ya sehemu iandikwe juu ya jalada, na anayepokea kutoka kwa msomaji ahesabu kabla ya kugonga muhuri.

Vifaa vya kusikilizia ni tatizo la kweli. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina sehemu ya kuingizia diski, na nyumbani redio ya CD imeshakuwa adimu. Kupendekeza diski kwa mtu asiye na pa kuichezea ni kumpa kopo bila kifungulio. Kona ya kusikilizia haihitaji makubwa: kompyuta moja ya mezani ya zamani yenye sehemu ya kuingizia diski, visikilizio viwili vya kufunika masikio, kigawanyaji cha waya ili wawili wasikilize pamoja, na kitambaa laini cha kufutia. Diski ifutwe kwa mstari kutoka katikati kwenda ukingoni, isizungushwe, maana mkwaruzo wa mviringo hufuata njia ya data na kuharibu zaidi. Kwa maktaba za pwani, joto na unyevu vitaua kanda na kaseti kabla ya wasikilizaji, hivyo zisikae karibu na dirisha wala ukuta wa nje.

Filamu zina mitego miwili ambayo mkutubi akiijua ataepuka aibu mbele ya watu. Wa kwanza ni kanda za maeneo. DVD za biashara huwekewa alama ya eneo: Marekani na Kanada ni 1, Ulaya Magharibi ni 2, na Tanzania, Kenya na Uganda ziko 5. Ndugu zetu walioko Minnesota au Toronto wanapokusanya masanduku ya filamu kwa moyo mwema na kuyatuma, nyingi hufika zikiwa na alama ya 1 na mashine ya kawaida ya hapa huzikataa. Waambiwe kabla ya kutuma: zinazofaa ni zenye alama ya 5, au zilizoandikwa 0 au "ALL" zisizo na mpaka. Blu-ray zina utaratibu wake wa herufi, na Afrika iko kundi B pamoja na Ulaya.

Mtego wa pili ni wa kisheria. Kununua nakala na kuiazimisha ni jambo moja, kuionyesha ukumbini mbele ya watu 40 ni jambo jingine. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya mwaka 2001 zinamlinda mwenye kazi katika maonyesho ya hadhara, hata kama kiingilio ni bure. Andika barua kwa mtayarishaji. Watengenezaji wengi wa Afrika Mashariki wanafikika kwa urahisi, na wako wanaofurahi kuombwa. Bodi za filamu nazo hupanga daraja la umri, liandikwe kwenye tangazo. Mtaani kuna vibanda umiza vinavyoonyesha bila barua yoyote, lakini maktaba ya umma haiwezi kujilinganisha navyo. Nguvu yake ni kwamba mwandishi, mwanamuziki na mtengeneza filamu wanaweza kuiamini.

Kwenye kadi ya filamu andika urefu wake kwa dakika, lugha inayosemwa, kama kuna maandishi ya tafsiri chini ya skrini na kwa lugha gani. Kwa filamu iliyotokana na kitabu, sema wazi ianze ipi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwanza Toronto mwaka 2021, imejikita kwenye mapenzi ya Yasmin na Denge, wakati riwaya ina mengi zaidi pembeni. Kwa msomaji mwenye mazoea, aanze na kitabu ili picha zake za kichwani zisitekwe. Kwa asiyesoma, filamu kwanza, kwa sababu akiwa amewaona watu na mitaa ya Mji Mkongwe, kurasa za mwanzo hazitakuwa ngeni. Najua walimu wa fasihi wengi hawatakubaliana na hili la pili. Wao wanahofia mwanafunzi ataacha kusoma kitabu. Lakini msomaji wa maktaba hana mtihani, na aliyetazama filamu akaja kuomba riwaya ni ushindi ambao usingepatikana kwa kumnyima.

Hata pendekezo zuri kabisa hukwama kwenye nakala. Kitabu kimoja kinachoazimwa kwa wiki mbili, kikirudishwa siku ileile na kuchukuliwa siku ileile mwaka mzima, kinawafikia watu 26. Hakuna maktaba ambayo watu hurudisha kwa nidhamu hiyo, kwa hiyo idadi halisi ni ndogo zaidi. Maktaba ya Seattle ilipoanzisha mwaka 1998 mpango wa mji mzima kusoma kitabu kimoja, ilihakikisha nakala zipo za kutosha. Kwetu ambako nakala ya pili ya riwaya ya Kiswahili ni anasa, kanuni yangu ni nakala tatu au majirani watatu: kama hakuna nakala tatu, kadi itaje vitabu vitatu vya kuchukua badala yake, vyenye namba zake za rafu. Kadi ibaki pale hata kitabu kikiwa nje, na juu yake kibandikwe kipande cha karatasi chenye tarehe kinapotarajiwa kurudi.

Kabla ya kubandika kadi yoyote, hakikisha kitabu kinaazimika. Vitabu vingi vizuri vya zamani vya Kiswahili viko kwenye akiba maalumu, vinasomwa humohumo. Msomaji aliyevutwa na kadi kisha akaambiwa kaunta "hiki hakitoki" hatakaribia tena rafu hiyo. Kama unataka kukipendekeza licha ya hayo, andika mstari wa kwanza kabisa: kinasomwa ukumbini.

Rafu yenyewe iwe njiani kuelekea magazeti, kwa sababu ndiko watu wazima wanakokwenda. Vitabu visimamishwe jalada likitazama mbele, kati ya kiuno na macho, visizidi 12; vikizidi hapo macho yanateleza bila kushika kimoja. Badilisha vinne kila wiki mbili, si vyote kwa mpigo, ili anayekuja mara kwa mara akute vipya na pia apate kile alichokiacha akisitasita. Kadi zisiandikwe na wakutubi peke yao. Fundi cherehani wa jirani, muuguzi, mlinzi wa getini anayesoma zamu ya usiku, kila mmoja akikubali jina lake la kwanza na kazi yake viwekwe chini ya kadi, mapendekezo yanapata sura ya mtaa. Pendekezo la kiongozi wa siasa nisingelibandika, hata kama kitabu ni kizuri, kwa sababu nusu ya wasomaji watamtazama mtu na kuacha kitabu.

Kupima matokeo hakuhitaji kompyuta. Karatasi ya tarehe nyuma ya kitabu inatosha. Hesabu mihuri ya miezi mitatu kabla ya kadi na miezi mitatu baada yake, kisha hesabu hivyohivyo kwa vitabu vitano vya rafu ileile visivyo na kadi. Bila hivyo hutajua kama ni kadi au ni likizo ya shule iliyoleta watu. Kadi iliyokaa wiki sita bila kuzaa muhuri mmoja, andika upya sentensi yake ya kwanza. Kitabu kinachochukuliwa kisha kinarudishwa baada ya siku mbili, mara ya tatu mfululizo, hakina tatizo la mvuto. Kadi yake inaahidi kisichokuwemo, na mara nyingi kosa liko kwenye neno moja, kama "cha kusisimua" kwa kitabu ambacho uzuri wake ni wa polepole.

Na kadi zinazoondolewa rafuni zisitupwe. Nyuma ya kila moja iandikwe namba ya rafu, tarehe ilipokaa, idadi ya mihuri, na maneno ya wasomaji waliokirudisha kitabu, hasa waliolalamika. Zipangwe kwenye sanduku kwa mpangilio wa Dewey, na sanduku likae kaunta, si ofisini kwa mkuu wa maktaba. Wakutubi huhamishwa, na anayehamishwa huondoka na kila alichokijua kuhusu nani alipenda nini. Anayeripoti Jumatatu kituo kipya akifungua sanduku hilo, anaweza kumhudumia msomaji wa kwanza kabla hata hajaonyeshwa meza yake.